Bafle Ikivuma, Sikiliza Nyumba

Mtu aliyepanga nyumba Kigali anajua mambo mawili kuhusu umeme wake: anajua namba ya Cash Power, na anajua kwamba uniti zikiisha giza linaingia. Zaidi ya hapo, basi. Waya zilipita ndani ya ukuta kabla yeye hajafika, ziliwekwa na fundi asiyemfahamu, na mwenye nyumba mwenyewe pengine hakumbuki zimepita wapi. Taa ikiwaka na simu ikiingia chaji, tunasema umeme ni mzima. Lakini kuna kitu kimoja ndani ya nyumba kinachousikia ugonjwa wa umeme kabla ya taa na kabla ya simu. Kitu hicho ni bafle.

Mimi ninafanya kazi na vijana. Nilikulia Gihembe, ile kambi ya Gicumbi iliyofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2021, watu wetu wakapelekwa Mahama. Kule nyumbani kwetu muziki ulitoka kwenye redio ya betri, na redio ya betri haina mambo mengi: betri ikiisha nguvu inakohoa, unaianika juani, unaendelea. Nilipomaliza sekondari nikaja Kigali, na sasa tuna chumba cha vijana Nyamirambo, ndani ya ua wenye wapangaji wanne na Cash Power moja. Mali yetu ni ampli moja, miksa ndogo, bafle mbili, kinanda kimoja na mikro mbili za waya. Jumamosi tunaimba, tunarekodi kwenye kompyuta, wengine wanajifunza kinanda. Watoto wananiita yaya, yaani dada mkubwa, na kila kitu kikiharibika wanamwita yaya.

Kitu kilichoharibika mwaka jana kilikuwa kimya. Ukiwasha ampli, kabla mtu hajaimba, bafle zilikuwa zinavuma: mmmmm, mfululizo, kama gari kubwa limeegeshwa nje na injini haijazimwa. Asubuhi mvumo ulikuwa mdogo. Jioni, saa kumi na mbili hivi, ulikuwa unapanda mpaka sauti ya pili haisikiki.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema bafle zimezeeka. Mwingine alisema miksa ni ya kuiga. Kijana wetu wa kinanda hakusema kitu, alitafuta noti. Alibonyeza chini kabisa, akapanda kidogo kidogo, akasimama kwenye sol. "Yaya, bafle inaimba sol, lakini imepanda kidogo." Alikuwa na haki. Umeme wa Rwanda unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na sol ya chini ni mitetemo 49 kwa sekunde. Karibu kabisa. Marekani umeme unakwenda mara 60, kwa hiyo bafle za wenzetu waliohamishiwa kule zikivuma zinaimba kati ya si bemoli na si. Jambo hilo dogo lilitusaidia sana, maana lilituambia kwamba mvumo haukuzaliwa ndani ya bafle. Ulikuwa umeme wenyewe wa nyumba, umepata njia ya kuingia kwenye waya za sauti.

Hapo ndipo mmoja wa vijana alikuja na koleo. Alisema kule anakoimba walikuwa na shida hiyo hiyo, fundi akavunja pini ya tatu ya plagi ya ampli, ile ya tere, na mvumo ukakoma palepale. Alisema ukweli. Ukivunja ile pini, mara nyingi mvumo unakoma. Nilimwambia aweke koleo chini, na ninataka nieleze kwa nini, kwa sababu nimeona plagi nyingi zilizovunjwa hivyo, makanisani, kwenye harusi, na kambini pia.

Umeme wa nyumba unakuja kwa waya tatu. Ya kwanza ni faze, ndiyo yenye moto, volti 230. Ya pili ni nyutro, ndiyo njia ya kurudi. Ya tatu ni tere, waya ya ardhi, yenye rangi ya kijani na njano. Tere siku zote haifanyi kazi yoyote. Inakaa tu, imefungwa upande mmoja kwenye bati la ampli na upande mwingine kwenye fimbo iliyopigwa ndani ya udongo. Siku faze ikichubuka ndani ya ampli na kugusa bati, tere inaupeleka moto ule ardhini kwa nguvu, na ile swichi inayojikata yenyewe, disjontere, inakata. Ukiivunja pini, bati linabaki na moto wake, linasubiri. Sasa kumbuka kwamba bati la ampli limeunganishwa na waya ya nje ya kebo ya mikro, na waya hiyo imeunganishwa na chuma cha mikro, na chuma cha mikro kinaguswa na mdomo wa mtu. Mwaka 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu aliposhika mikro, kwa sababu vyombo havikuwa na tere nzuri. Alikuwa mwanamuziki wa kazi, kwenye ukumbi wa kazi. Sisi tuna chumba cha sementi kinachodekiwa kwa maji kila Jumamosi, na watoto wanaoimba pekupeku.

Kwa hiyo tulianza kutafuta mvumo unaingilia wapi. Njia tuliyofuata haihitaji kufungua ukuta wala kugusa waya, inahitaji masikio na subira tu, na mtu yeyote mwenye redio kubwa, televisheni na bafle nyumbani anaweza kuifuata.

Kwanza tulishusha sauti ya ampli mpaka sifuri. Kama mvumo unabaki vilevile, ugonjwa uko ndani ya ampli yenyewe, mara nyingi ni zile kapasita kubwa zimezeeka, na hiyo ni kazi ya fundi wa redio. Wetu ulishuka pamoja na sauti. Maana yake ulikuwa unaingia kabla ya ampli, kwa kebo.

Pili tulichomoa kila kebo ya sauti, moja moja, tukisikiliza. Ukichomoa ya kinanda, mvumo unapungua. Ukichomoa ya kompyuta, unapungua tena. Tatu tulichomoa chaja ya kompyuta tukaiacha itumie betri yake. Ile sauti nyembamba ya nyuki iliyokuwa juu ya mvumo ikaondoka, lakini mvumo mnene ukabaki. Nne tulizima taa, tukachomoa chaja zote za simu. Hakuna kilichobadilika.

Tano ndiyo ilitufungua macho. Ampli ilikuwa kwenye priza ya ukuta wa mbele, kinanda na miksa kwenye priza ya ukuta wa nyuma. Tulileta ralonji moja nzima, yenye tere, tukachomeka vyote mahali pamoja. Mvumo ukapungua zaidi ya nusu. Fundi wa umeme alinieleza baadaye: vyombo viwili vikiwa kwenye priza mbili, tere ya priza hii na tere ya priza ile zikiwa hazina volti sawasawa, hata tofauti ikiwa ndogo sana, umeme unatafuta njia ya kusawazisha, na njia iliyopo ni ile waya ya nje ya kebo yako ya sauti. Inazunguka kama mduara: priza, chombo, kebo, chombo, priza. Ampli haijui kutofautisha umeme huo na wimbo. Inaukuza wote.

Katika nyumba yenye waya nzuri, tere mbili zinalingana. Kwetu hazikulingana. Na kulikuwa na lile swali la jioni: kwa nini unapanda saa kumi na mbili?

Nilianza kuandika kwenye daftari. Siku, saa, mvumo mdogo au mkubwa, na nani ndani ya ua anatumia nini. Baada ya wiki mbili, daftari lilisema wazi: mvumo ulikuwa unapanda mama wa mlango wa pili akiwasha pasi au birika. Akizima, unashuka. Pasi yake haina uhusiano na kinanda chetu, isipokuwa kama umeme unaorudi kutoka kwenye pasi unapita mahali usipopaswa kupita.

Sikuwahi kumaliza kuandika. Jumamosi moja ya mvua, chumba kikiwa kimedekiwa muda si mrefu, taa ilipepesa mara mbili ikafifia, na yule binti wa sauti ya kwanza, mwenye miaka 14, akatupa mikro chini akapiga kelele. Alishika mdomo. "Yaya, imeniuma! Imeniuma mdomo na mguu!" Nilizima swichi kuu kabla ya kwenda kwake. Hakuungua, alikuwa anatetemeka tu. Ampli yetu ilikuwa na pini zake zote tatu, hazijavunjwa. Ilikuwa na tere. Tere yenyewe ndiyo iliyomletea moto.

Jioni mama yake alikuja. Alikaa kwenye benchi bila kuvua kitenge cha mvua kichwani. "Mwalimu," aliniambia, "huyu nilivuka naye mpaka akiwa mgongoni. Sikumleta hapa auawe na mikro." Nilimwambia chumba kinafungwa mpaka waya zitengenezwe. Akauliza nani atazitengeneza. Hilo lilikuwa swali zito zaidi kuliko yale ya umeme.

Wenzangu wakimbizi wa mjini mnajua kwa nini. Wengi wetu hatuna mkataba wa kuandikwa. Tunakaa kwa maneno na kwa kulipa mapema. Mpangaji anayelalamika anaweza kuambiwa mwezi ukiisha atafute pengine, na kutafuta pengine na karatasi za ukimbizi mkononi si kazi ndogo. Wazee wetu wawili walinionya: "Usimchokoze mwenye nyumba. Kama mikro inauma, imbeni bila mikro." Walikuwa wanatulinda. Kwa miaka mingi tumekaa salama kwa kutosikika. Lakini nilifikiri: tukiimba bila mikro, waya zinabaki ukutani vilevile. Mama wa pasi anabaki nazo. Watoto wake wanabaki nazo.

Nilikwenda kwake kwanza. Nilimuuliza tu kama kuna kitu nyumbani kwake kinamuuma. Alicheka. "Friji," akasema. "Inanichoma kidogo nikiwa sina viatu. Nimeizoea, naifungua na kitambaa." Mpangaji wa mlango wa nne alisema dishi la televisheni lilimpiga alipokuwa anafunga kebo. Kila mmoja alidhani ni kitu chake kibovu, na kila mmoja alinyamaza peke yake.

Tulikwenda kwa mwenye nyumba wanne, pamoja na mzee mmoja wa jumuiya yetu. Sikumwambia nyumba yake ni mbovu. Nilimwambia, "Mzee, tuko na kitu tunaomba uje usikilize." Alikuja na uso wa hasira. "Nyinyi munapenda makelele tu. Hiyo mashini yenu ndiyo imekufa." Nilikuwa nimevaa viatu vya mpira, sikugusa chuma chochote, nikawasha ampli bila mikro. Bafle zikaanza kuvuma. Nikapaza sauti dirishani, "Mama, washa pasi!" Mvumo ukapanda. "Zima!" Ukashuka. "Washa!" Ukapanda. Mzee alinitazama, akatazama ukuta. Akasema polepole, "Kwa hiyo pasi ya yule inaimba huku kwenu." Halafu mama wa friji akaongea, na wa dishi akaongea. Mwisho mzee akasema kwamba hata bomba la bafuni kwake, upande wa pili wa ukuta, mkewe huwa analilalamikia.

Tulikubaliana hivi: yeye ananunua vifaa, sisi wapangaji tunalipa kazi ya fundi kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na fundi awe na kibali cha RURA. Hilo la kibali ndilo nililoshikilia. Kuna vijana wengi hodari wa umeme mitaani, lakini kazi ya ndani ya ukuta ina sheria yake, na mwenye kibali anaweza kutafutwa kesho.

Fundi alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha hakuna moto, ndipo akafungua priza ya mbele. Alituita tuone. Waya ya kijani na njano ilikuwa imekatwa, imekunjwa nyuma ya priza kama mkia. Mahali pake palikuwa na kipande kifupi cha waya kilichotoka nyutro kikaingia kwenye pini ya tere. Daraja. Priza ya nyuma vilevile. Friji ya jirani vilevile. Fundi wa zamani hakuwa na tere ya kweli, kwa hiyo aliazima nyutro akaipa jina la tere. Testa ya bisibisi haiwezi kukuonyesha uongo huo, na hata kile kipimo kidogo cha taa tatu cha kuchomeka kwenye priza kitakwambia kila kitu ni sawa. Ni lazima mtu afungue.

Daraja lile lilieleza mvumo. Nyutro ndiyo njia ya kurudi ya pasi, ya birika, ya kila kitu. Umeme mwingi ukipita kwenye waya nyembamba na ndefu, volti kidogo inabaki njiani. Kwa hiyo "tere" ya ukuta wa mbele na "tere" ya ukuta wa nyuma zilikuwa zinatofautiana kadiri mama anavyopiga pasi, na kebo ya kinanda ilikuwa inabeba tofauti hiyo.

Na daraja lilieleza ile Jumamosi. Kwenye boksi la juu, fundi alikuta kiungo cha nyutro kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, kimekuwa cheusi kwa joto. Siku ya mvua kiungo kililegea. Nyutro ikishaachia, umeme uliopita kwenye taa na vyombo hauna pa kurudi, unakaa kwenye waya ukisubiri. Kwa daraja, waya hiyo ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye bati la ampli. Binti alikuwa na mdomo kwenye mikro na miguu kwenye sementi yenye maji. Akawa yeye ndiye njia ya kurudi.

Fundi alitoa madaraja yote, akapiga fimbo ya tere ardhini nyuma ya nyumba, akavuta waya mpya ya kijani na njano mpaka kwenye kila priza, akabadilisha viungo, na akaweka disjontere ya aina nyingine, ile wanayoiita difaransieli, ya miliampea 30. Kifaa hicho kinapima umeme unaokwenda na unaorudi, vikitofautiana kidogo, yaani kuna unaovujia kwa mtu au ardhini, kinakata haraka sana. Alituonyesha kitufe cha kujaribu, ukibonyeza lazima kikate. Akatwambia pia kwamba kifaa hicho kwenye nyumba yenye madaraja kingekuwa kinajikata kila saa, na watu wengi hapo hukitoa kifaa wakaacha daraja.

Mvumo uliondoka. Ilibaki ile sauti ya nyuki ya chaja ya kompyuta, na hiyo tuliimaliza kwa kisanduku kidogo chenye transfoma ya sauti, kinachopitisha wimbo bila kuunganisha waya kwa waya. Kama hunacho, rekodi kompyuta ikiwa kwenye betri. Hiyo ni njia halali ya kukata ule mduara: unaukata kwenye kebo ya sauti. Kwenye tere ya umeme haukatwi.

Sasa wenzangu wa kambini mtasema, sisi hatuna ukuta wenye waya, tuna sola na betri. Ni kweli, na ninyi mna mvumo wenu. Invata nyingi za bei nafuu zinageuza volti 12 za betri kuwa 230, lakini wimbi lake halipandi na kushuka kwa ulaini, linaruka kwa ngazi. Taa haijali. Ampli inajali, inalia kama nyuki. Kama mnaweza, tafuteni ampli ndogo ya volti 12, ile ya gari, muifunge kwenye betri bila kupitia invata, na fyuzi iwe karibu na betri kwenye waya ya chanya. Na simu mnayopigia wimbo isiwe inachajiwa kwenye betri hiyo hiyo wakati wa kuimba, maana mduara ule ule unatokea. Ralonji msiitumie ikiwa imeviringishwa kama kamba: waya iliyobeba mzigo ikiwa imejikunja inapika joto lake yenyewe. Na mvua ya radi ikianza, chomoeni kila kitu, kebo ya antena pia. Fimbo ya tere ya nyumba haiwezi radi peke yake. Nyaruguru, mwezi wa 3 mwaka 2018, radi ilipiga kanisa watu wakiwa ndani ya ibada, na zaidi ya 10 walikufa.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi. Mkituletea vyombo vya muziki tunashukuru, vijana wanavipenda kuliko semina. Lakini kabla ya ampli, ulizeni chumba kina tere. Wekeni pesa ya fundi wa umeme kwenye bajeti ileile ya bafle. Angalieni nyuma ya chombo kama kimeandikwa volti 120 au 230, maana kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani kikiguswa na umeme wetu kinaweza kuungua siku ya kwanza. Na msituletee vile viadapta vya kugeuza plagi ya pini tatu bapa kuwa ya pini mbili za mviringo bila tere. Mtakuwa mmevunja ile pini kwa niaba yetu.

Kwa mpangaji mwenzangu, angalia ishara hizi. Friji au ampli inayokuchoma vidole. Taa zinazofifia au kuzidi mwanga jirani akiwasha kitu. Priza ya moto au yenye harufu ya plastiki. Mvumo unaofuata saa za jirani. Ukiona taa zinazidi mwanga kuliko kawaida, zima swichi kuu mara moja, hiyo inaweza kuwa nyutro ya njia kubwa imekatika, na volti zinazoingia kwako si 230 tena. Piga 2727 ya REG, namba hiyo ni ya bure. Ndani ya nyumba, ita fundi mwenye kibali. Wewe mwenyewe usifungue ukuta. Sikiliza, andika saa, waulize majirani.

Binti wa sauti ya kwanza alikaa wiki tatu bila kuja. Aliporudi alikataa mikro, akaimba kwa mbali, na hatukumlazimisha. Siku moja alimwomba kijana wa kinanda abonyeze kile kitufe cha difaransieli mbele yake. Ikakata, giza likaingia, watoto wakapiga kelele za furaha. Akasema, "Tena." Alibonyezewa mara nne. Mama yake sasa anakuja naye Jumamosi, anakaa kwenye benchi karibu na boksi la umeme, na kabla hatujaanza ananiuliza, "Mwalimu, mumeshakijaribu?" Namjibu ndiyo. Anasimama anakibonyeza yeye mwenyewe.